Sikio la Kushoto la Bibi Mkunga

Mwanaume niliyekuwa nimekubali kuolewa naye aliingia chumba cha mahakama akinukia manukato niliyomnunulia mimi, akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati la mafaili. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya upande wa pili, akatua mkoba wake, akainama na kumnong'oneza mteja wake jambo lililowafanya wote wawili watabasamu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba yeye ndiye wakili mpya wa watoto wa Bibi Mkunga, bibi niliyekuja kumsindikiza. Wakili wao wa kwanza alikuwa amejitoa, na sisi tuliambiwa tu kwamba atakuja mwingine. Jana yake tulikuwa tumekula pamoja mchana, akanishika mkono, akanisifia nywele, akaniuliza kama kesho nina shughuli. Nikamwambia nitakuwa mahakamani na bibi mmoja, mkunga mstaafu. Akasema, "Vizuri, mpenzi," akaendelea kutafuna. Mtu anayeweza kutafuna kwa raha namna ile huku siri imemkaa kooni ni wa kuogopwa. Lakini mimi niliyaona meno yake tu, maana yana mwanya mdogo katikati, na mwanya huo ulikuwa umeshanimaliza zamani.

Nilimfuata karani wa mahakama nikamwambia kwamba namjua wakili yule, tena namjua sana.

"Utatoa ushahidi?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Hapana. Mimi ni msindikizaji wa bibi."

"Basi kaa ukasindikize."

Nikakaa.

Kazi inayonilisha ni kuuza miwani. Siku nikiwa na nafasi, najitolea na wenzangu kukaa na wazee wanapoitwa mahakamani. Si mawakili sisi. Tunahakikisha mzee amekunywa maji, amevaa miwani yake mwenyewe na si ya jirani, anajua choo kiko wapi, na anaelewa anachoulizwa. Hatusemi kwa niaba yake. Akitaka tuseme, anatugusa mkono. Asipotugusa, tunafunga midomo hata dari ikianguka. Kanuni hiyo tulifundishwa na Wakili mwenyewe, huyuhuyu mwenye mwanya, na siku aliyotufundisha ndiyo siku niliyompenda.

Aliniita mbele ya wenzangu, akanipa pamba nizibe sikio la kushoto, akanishikisha redio ndogo niiweke kwenye sikio la kulia ikiunguruma. Kisha akasimama kushoto kwangu, akaniuliza kitu kwa sauti ya chini na uso wa huruma kabisa. Sikusikia hata neno. Nikaona haya kumwambia arudie, nikaitikia kwa kichwa kwa adabu, nikasema ndiyo.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Alikuwa ameniuliza, "Je, wewe ni mbuzi?"

Lakini yeye hakucheka. Alizunguka akaja upande wangu wa kulia, akaizima redio, akasema polepole, "Samahani, dada. Hukusikia, ukaona aibu kuniambia. Wazee wetu wanapoteza haki zao kwa ndiyo kama hiyo." Halafu akawageukia wengine: "Msalimieni mzee pande zote mbili kabla hamjamuuliza lolote. Mkishajua sikio zima ni lipi, kaeni huko."

Nilirudi kitini na pamba bado imo sikioni. Nilijiambia kwamba mwanaume anayejali sikio la mzee asiyemjua atanijali mimi mpaka uzee wangu. Ndivyo tulivyo wanawake wengine: tunaona kitasa kizuri, tunadhani tumeona nyumba.

Sasa turudi mahakamani. Bibi Mkunga alikuwa mjane, umri wake umevuka sabini, mgongo wake wima. Alizalisha nusu ya mji ule kwa mikono yake, na baada ya miaka mingi ya upweke alikuwa amempata mwenzake: mzee mmoja mjane aliyewahi kutengeneza saa, ambaye kila mtu alimwita Fundi Saa. Walitaka kuoana. Hapakuwa na jingine zaidi ya hilo. Watoto wawili wa Bibi waliposikia, walikimbilia mahakamani kusema mama yao akili zimemruka, wakaomba awekwe chini ya usimamizi wa mwanawe wa kwanza. Na aliye chini ya usimamizi haolewi mpaka msimamizi wake aridhie.

Mwana huyo alikuwa amefunga tai iliyomkaba mpaka shingo imemwagikia kwenye kola. Nilimbatiza Bwana Tai. Dada yake alikuwa ameshika leso tangu alipoingia, akiipeleka machoni na kuirudisha ikiwa kavu vilevile. Hawakuwahi kuona kasoro kwenye akili ya mama yao siku zote alizokuwa akiwalelea watoto wao. Kasoro ilianza siku alipopaka wanja.

Kabla ya kesi kuanza, Wakili wangu alikuja mpaka kwenye kiti cha Bibi. Akainama kushoto kwake, akasema taratibu, "Shikamoo, bibi."

Bibi alikuwa anaangalia mbele. Hakujibu.

Akazunguka kulia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu!" alijibu Bibi, uso ukiwa umechangamka. "Hujambo?"

Moyo wangu ukajaa. Nilimsamehe palepale kwa kutoniambia, kwa kutonisalimia, kwa kila kitu. Nilisema kimoyomoyo: mnamwona? Hata akiwa upande wa pili, mwanaume wangu ni mtu. Nadhani hata nilitabasamu, kama punguani.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikimteleza puani kila alipoandika, na mkono uliniwasha kwenda kuikaza. Alimuuliza Bibi jina lake, umri wake na mahali anapokaa, akiwa amemkabili na kwa sauti ya mwalimu, na Bibi akajibu yote vizuri. Kisha akamruhusu Wakili aulize maswali, akainamia karatasi zake. Feni ya darini ilikuwa inapiga kelele kama mashine ya kusaga.

Wakili akainuka, akafunga kifungo cha koti. Akapita mbele ya Bibi, akaenda kusimama upande wake wa kushoto, karibu kabisa, akainamisha kichwa kwa heshima. Uso wake ulikuwa uleule wa huruma. Niliutambua kabla hajafungua mdomo.

"Bibi," alisema kwa sauti laini, "mume wako wa kwanza yu hai?"

Bibi alimtazama kijana huyu mzuri mwenye adabu. Akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo, mwanangu."

Mume wake alikuwa amekufa zamani. Leso ilipanda machoni.

"Na leo atakuja kukuchukua hapa mkitoka?"

"Ndiyo."

"Huwa unasahau majina ya watoto wako?"

"Ndiyo, ndiyo."

Kalamu ya hakimu ilikuwa inakimbia. Mimi nilikaa kulia kwa Bibi, nusu hatua kutoka kwenye sikio lake zima, mkono wangu nimeuweka juu ya paja wazi kabisa ili auguse. Niguse, bibi. Nikausogeza. Nikaugonganisha na kiwiko chake. Bibi akauvuta mkono wake, akaufunika na mwenzake, akaendelea kumtabasamia yule mwanaharamu.

"Swali la mwisho kwa sasa," Wakili akasema. "Huyo mzee unayetaka akuoe, unamjua ni nani?"

Swali hilo nadhani midomo ya Wakili ilimchanganya Bibi. Akasita. Akaangalia nyuma, kwenye mabenchi ya watu, alikokaa Fundi Saa na kofia yake magotini. Kisha akageuka akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo... sijui... kama unavyosema wewe, mwanangu."

Hakimu aliinua kichwa, akamtazama Bibi kwa masikitiko. Akasema tupumzike kidogo.

Nilimtoa Bibi nje, nikamkalisha kwenye benchi la ukumbi mwembamba, nikakaa kulia kwake.

"Bibi, hukusikia hata swali moja."

"Nimesikia."

"Umeulizwa kama mumeo wa kwanza yu hai. Umesema ndiyo."

Mikono yake mikubwa ilianza kukunjakunja upindo wa nguo. "Mungu wangu," alisema. "Mimi nilidhani ananiuliza kama niko tayari."

"Kwa nini hukunigusa? Tulikubaliana. Ningemwambia hakimu kwamba sikio la kushoto halisikii, basi."

"Usithubutu!" Akageuka haraka kuangalia kama kuna mtu. "Usithubutu, mjukuu wangu. Yule mzee hajui."

"Hajui nini?"

"Habari ya sikio. Tukitembea huwa namweka kulia. Tukikaa, namweka kulia. Siku nyingine ananizidi ujanja anakuja kushoto, basi mimi nacheka tu anapocheka." Akashusha sauti. "Mwanaume amepata mke kwenye uzee, halafu aambiwe mke mwenyewe ni nusu kiziwi? Ataona anaokota mzigo. Ataondoka."

Sitasema uongo: nilimdharau pia, kidogo. Mwanamke mzima, watoto wanataka kumfungia ndani ya maisha yake mwenyewe kama kuku bandani, na yeye anaona haya ya sikio.

"Bibi," nilisema, "wewe umezalisha watu miaka yote hiyo. Wakikuona haya uliwaambia nini?"

Alijua ninakokwenda. Akang'ata mdomo asicheke. "Mficha uchi hazai."

"Basi?"

"Basi na wewe usinifundishe kazi yangu," alijibu. "Kuwaambia wengine ni rahisi. Niache kidogo."

Nikamwacha. Nilikuwa na mtu mwingine wa kumshughulikia.

Nilimkuta karibu na chumba cha fotokopi, amejiegemeza ukutani, anasoma simu. Aliponiona aliiweka mfukoni, akanitolea lile tabasamu.

"Mpenzi. Nilitaka kukueleza..."

"Ulikuwa umesimama upande gani?"

"Si hapa, tafadhali."

"Hapahapa. Ulisimama upande gani wa bibi?"

Akaangalia huku na huku. Karani alipita na birika la chai. Tukanyamaza wote wawili kama wezi mpaka alipopotea.

"Hii ni kazi," alisema. "Nina mteja. Nyumbani mimi ni wako, humu ndani mimi ni wa mteja wangu. Ulijua unapenda wakili."

"Mteja wako hajui habari za masikio. Angekuwa na akili ya kujua hivyo angelegeza ile tai. Wewe ndiye unayejua. Ulimsalimia pande mbili, nikakuona. Nikakusifu moyoni!"

"Hakuna sheria inayosema wakili asimame wapi."

"Hakuna."

"Na wewe ukimwambia hakimu jambo ambalo bibi hajakuruhusu, unavunja kanuni."

"Najua. Aliyenifundisha kanuni hiyo alinifundisha na pamba sikioni."

Hapo akaona haya kidogo. Nilimwona akiona haya, na badala ya kufurahi nikasikia uchungu, kwa sababu haya ilimpendeza. Ndivyo alivyo: hata aibu ikimvaa inamkaa kama suti ya kupimiwa.

"Kesi hii ni kubwa kwangu," alisema taratibu. "Yule jamaa ana marafiki wenye kampuni. Nikimshindia hii, wote watakuja. Ni kwa ajili yetu. Kwa ajili ya nyumba yetu."

"Usiniwekee bibi wa watu kwenye msingi wa nyumba yangu."

"Shangazi yako angekusikia sasa hivi angekuzaba kibao."

"Shangazi yangu anakupenda kwa sababu unavaa suti. Angeweza kumpenda hata mwanasesere wa dirishani kwenye duka la nguo."

"Na wewe? Wewe unanipendea nini?"

Swali lenyewe lilikuwa la ujanja, maana alisogea karibu alipoliuliza, na manukato yale yakanifika, na mwili wangu ukasahau hasira kabla yangu. Nilichukia hilo. Nilimchukia yeye kwa kulijua.

"Sikiliza," nilisema. "Sikuombi ushindwe. Uliza maswali yako yote, hata ya kumtia aibu. Ila nenda ukasimame upande wake wa kulia, asikie anachoulizwa. Ukisimama pale, jioni nitakuja kwenu tumalize habari za harusi. Ukirudi kushoto, usinitafute."

"Unanipa masharti? Kwa ajili ya kikongwe usiyemjua?"

"Kwa ajili yangu. Nataka kujua naolewa na nani."

Alinitazama, macho yake yakitembea usoni mwangu kama yalivyofanya siku ya kwanza aliponiomba namba. Kisha akainua mkono, akanirekebisha kola ya blauzi.

"Niamini," alisema.

Na mimi, kwa upumbavu wangu wote, nikamwamini. Nilirudi ndani nikiwa nimeshamwona kulia kwa Bibi, nimeshamsamehe, nimeshavaa gauni. Ukitaka kujua mapenzi yanavyodhalilisha, mtazame mwanamke mwenye akili zake anapoambiwa niamini.

Hakimu akarudi. Feni ikaendelea na ugomvi wake. Bibi alikaa kitini, mimi kulia kwake. Fundi Saa alikuwa palepale, ameinama mbele. Wakili akainuka, akafunga kifungo cha koti, akaanza kutembea.

Nilishika ukingo wa kiti changu.

Alisimama katikati. Si kushoto, si kulia. Alisimama sawasawa mbele ya Bibi, hatua kadhaa nyuma, chini kabisa ya feni ile. Kisha akanitupia jicho la haraka, kama kusema: haya, umeridhika? Alikuwa kama mtu aliyeombwa chakula akaleta sahani.

Angerudi kushoto ningemchukia, na chuki ni kitu cha moto; mtu anaweza kuishi na chuki mpaka ikapoa ikawa mapenzi tena. Lakini pale katikati, akijaribu asimpoteze mteja na asinipoteze mimi, alinikinaisha. Nilihisi kitu ndani yangu kikipoa moja kwa moja.

"Bibi," alianza, sauti ya chini ileile, "unaelewa maana ya ndoa?"

Bibi alikunja uso. Midomo aliiona, sauti ikachukuliwa na feni. Watu walikuwa wanasubiri. Bwana Tai alikuwa ameshaanza kujipanga uso wa huzuni.

Ndipo mkono wa Bibi ulipokuja juu ya mkono wangu. Nilivuta pumzi niseme, nikaanza kuinuka. Lakini ule mkono ulinikandamiza chini, kwa nguvu za mtu aliyewashika wanawake wengi wakihangaika kitandani, na yeye ndiye akasimama.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba nisamehewe. Sikio langu hili la kushoto limekufa. Ni miaka sasa. Huyu kijana nilipokuwa namjibu ndiyo, ndiyo, nilikuwa sisikii kitu. Niliona aibu kusema."

Alikuwa anazungumza na hakimu, lakini hakumtazama hakimu. Alimtazama Fundi Saa, kule nyuma, na kidevu chake kilikuwa kinatetemeka. Ndicho pekee nilichowahi kukiona kikitetemeka kwenye mwili wa mwanamke yule.

Fundi Saa akasimama. Kofia ikaanguka.

"Kumbe!" alisema kwa sauti kubwa.

"Mzee, kaa chini," hakimu akamwambia.

"Nakaa, mheshimiwa, nakaa. Lakini kumbe!" Hakukaa. "Mimi nilimwambia huyu mama jambo zito, amekaa namna hiyo, mimi huku kushoto. Akanyamaza. Nikarudia siku nyingine. Kimya! Nikasema, huyu mwanamke ana maringo huyu, hababaiki na maneno. Nikazidi kuchanganyikiwa. Kumbe nilikuwa naongea na ukuta!"

Watu walicheka. Hata karani alicheka. Bibi Mkunga alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Ulisema nini?" alimuuliza, mbele ya mahakama nzima.

"Nitakwambia tukitoka," alijibu Fundi Saa. "Upande wa pili."

Hakimu aligonga meza, watu wakatulia, mzee akaokota kofia yake na kukaa. Kisha hakimu akaisukuma miwani juu ya pua na kumgeukia Wakili, naye hakuwa anacheka.

"Wakili, ulijua kwamba hasikii upande ule?"

Wakili alinitazama mimi. Sijui alitaka nini. Labda nimwonee huruma. Nilimwangalia tu.

"Sikuwa na uhakika, mheshimiwa," alisema.

Hata uongo kamili alishindwa kuubeba. Aliushika kwenye ncha tu.

"Nenda ukasimame kulia kwake," hakimu akasema. "Feni izimwe. Maswali yote yaanze upya, na uyaulize kwa sauti ambayo hata mimi naisikia."

Akaenda. Kusimama huko kulimleta jirani na kiti changu kiasi kwamba koti lake liliugusa mkono wangu. Niliuondoa.

"Bibi," aliuliza kwa sauti ya juu, "mume wako wa kwanza yu hai?"

"Amekufa. Mwanangu yule pale alinishika koti wakati wa mazishi, alikuwa bado ananyonya kidole. Muulize kama anakumbuka."

"Huwa unasahau majina ya watoto wako?"

"Leo asubuhi nimejaribu. Nimeshindwa."

Watu wakaguna kwa kicheko. Leso ilishuka mapajani, na kwa mara ya kwanza macho ya binti yule yalikuwa yamelowa kweli. Sikumhurumia.

"Huyo mzee unayetaka akuoe. Unamjua ni nani?"

"Ni mtu anayeniuliza kama nimekula kabla hajaniuliza jambo lolote. Nimeishi na watoto wangu muda mrefu, mwanangu. Najua tofauti."

Wakili akasema hana swali lingine.

Hakimu hakuchukua muda. Alisema mtu kupenda uzeeni si ugonjwa, na kutosikia sikio moja si kukosa akili, na ombi la watoto limekataliwa. Bwana Tai aliilegeza tai yake hatimaye. Bibi Mkunga alinikumbatia kwa mkono mmoja bila kunitazama, maana macho yake yalikuwa yameshafika kwenye mabenchi ya nyuma. Walitoka pamoja, taratibu, na nilimwona Fundi Saa akisita mlangoni, akizunguka nyuma yake kuhamia kulia, akamwinamia sikioni. Sijui alimwambia nini. Bibi alimpiga kofi la bega, kisha akajifuta macho kwa kiganja.

Mimi nilikuwa nimeshafika ngazi za nje Wakili aliponikuta. Alikuwa ameuvua ule uso wa mahakamani. Alibaki na wake wa kawaida, ambao ndio mbaya zaidi kwangu.

"Umefurahi?" aliuliza. "Mteja ameondoka bila hata kunipa mkono."

"Pole."

"Sikutaka ugomvi. Mwishowe nilisimama pale ulipotaka. Uliniona."

"Ulisimama pale hakimu alipokutuma. Pale nilipotaka mimi ulikuwa na nafasi ya kwenda ukiwa huru, ukaenda kusimama chini ya feni."

"Nilikuwa natafuta njia ya kuwaridhisha wote."

"Najua. Bibi hakuwa na njia ya kuwaridhisha wote. Alidhani akisema neno lile mwanaume wake anamwacha palepale mbele ya watu, na akalisema. Wewe ulikuwa unaogopa nini? Kukosa marafiki wa Bwana Tai?"

Alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho. Nilikuwa bado nampenda, sitajifanya jiwe. Mapenzi yalikuwa pale pale, mazima, ila sikuwa na heshima ya kuyafunika nayo, na mapenzi bila heshima ni aibu tupu. Nikauchomoa mkono wangu, nikaivua pete, nikamwekea kiganjani penye lile jasho.

Akaitazama kana kwamba imeanguka kutoka angani.

"Kwa hiyo unaniacha," alisema, "kwa sababu ya hatua mbili tatu?"

"Hatua mbili tatu tu," nilimwambia. "Na zilikushinda."